Spika za Nyuma

Waya uliotoka kwenye sabufa ulikuwa mmoja, lakini mwisho wake uligawanyika vichwa vitatu: cha kijani, cheusi na cha rangi ya chungwa. Nyuma ya kompyuta yangu nako kulikuwa na matundu matatu: la kijani, la bluu na la waridi. Kijani kikaingia kwenye kijani, hapo sikuwa na ugomvi na mtu. Vichwa viwili vilivyobaki havikuwa na wenzao. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza, tochi ya simu mdomoni, vumbi limejaa puani, na baba yangu amekaa kwenye kochi nyuma yangu, akiniuliza kwa upole kama kazi imekwisha.

"Bado, baba."

"Pole, mama."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Siku nyingine pole yake hunituliza. Siku ile ilinichoma, maana nilikuwa nimeshapewa pole nyingi tangu nilipoingia chini ya ile meza na spika za nyuma zilikuwa bado zimenyamaza.

Baba haoni. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto wakati bado analima, akanyamaza. Ikaja kwenye la kulia, akanyamaza pia, mpaka siku alipompita jirani njiani bila kumsalimia, jambo ambalo kwa mzee wa Kisukuma ni habari ya kuzunguka kijiji kizima. Mama alikuwa ameshafariki. Baba akaendelea kukaa peke yake ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, akijipikia, akiwafungua mbuzi na kuwafunga kwa kupapasa kamba, mpaka alipojimwagia uji wa moto mkononi. Hapo napo akanyamaza. Nilipokwenda kumjulia hali nilikuta kidonda kimeanza kunuka. Nilikasirika mno, nikafungasha nguo zake kwenye begi nikamleta kwangu Nyakato.

Hakuja bila masharti. Tulipatana kwamba atakaa kwangu mpaka mvua za vuli zianze. Zikianza na akawa amezoea, atabaki moja kwa moja na mbuzi, ambao jirani wa kule anawatazama kwa sasa, watauzwa. Kama hajazoea, nitamrudisha, na sitabishana. Nilikubali haraka kwa sababu kilikuwa kiangazi cha vumbi na mvua ilikuwa mbali. Mimi ni karani wa stoo kiwandani. Nimezoea kuamini kwamba nikipewa muda nitakipata kila kitu mahali pake.

Safari yenyewe ilianza vibaya. Miaka yote baba alivuka ziwa kwa kivuko: unasimama ufukweni, unashuka, unasubiri, unapanda, upepo unakupiga usoni, unashuka tena Kigongo. Safari hii tulipita darajani moja kwa moja, gari halikusimama hata kidogo. Nilikuwa namsifia daraja, urefu wake na nguzo zake, naye ametulia. Tulipofika Nyakato, ameshakaa na maji ya kunywa mkononi, akauliza kama kweli tumevuka. Nikamwambia tumevuka zamani. Akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu anayeambiwa jambo na kuamua tu asibishe.

Nyakato nayo haikunisaidia. Nyumba yangu ipo katikati ya viwanda. Kuna malori yanayopumua breki kona ya kwetu, kuna king'ora cha kubadilisha zamu, kuna mashine ya kuchomelea vyuma upande wa pili wa ukuta, kuna mahali panapopondwa kitu ambacho hata mimi sikijui. Sisi tunaoishi hapa tumeacha kusikia siku nyingi. Baba alisikia vyote. Kila sauti ilipopita aligeuza kichwa na kuuliza, "Hiyo nini?" Ni lori, baba. "Na hiyo?" Wanachomelea, baba. "Hiyo nyingine?" Sijui, baba. Ilipofika jioni nilikuwa najibu kwa meno yaliyobanwa, na yeye aliacha kuuliza. Alipoacha kuuliza ndipo nilipoanza kuogopa. Alikuwa anakaa kwenye kochi ameelekea ukutani, mikono magotini, kama mgeni anayesubiri kuitwa ndani.

Kilichomwamsha kidogo ni filamu. Jirani yangu wa uani, mama mjane aliyekuwa akimpelekea chai mchana nikiwa kazini, ndiye aliyempigia filamu za kutafsiriwa kwenye simu yake. Kila mtu wa huku anazijua. Filamu ya kigeni inachukuliwa, kijana anakaa na maiki na kuisimulia yote kwa Kiswahili, tangu mwanzo mpaka mwisho. Anawasemea wanaume na wanawake, anaeleza nani kaingia, nani kajificha nyuma ya mlango, nani ana kisu kiunoni, na akichoka anaingiza utani wake. Mimi nilikuwa sizipendi. Nilimwona huyo msimuliaji ni kelele juu ya kelele. Lakini kwa mtu asiyeona, yule kijana ndiye aliyekuwa macho yake. "Sasa jamaa anapanda ngazi taratibu, hajui kwamba mwenzake yupo juu," na baba anasogea mbele kwenye kochi. Akianza kubishana naye, "Mwambie asipande bwana," nilikuwa nasimama jikoni na mwiko mkononi nikimsikiliza kwa furaha.

Nikaihamishia kazi hiyo kwenye kompyuta yangu ya mezani, ile niliyoichukua kazini ofisi ilipogeukia laptop. Nikaenda kwenye kibanda cha filamu kujaziwa flashi. Kwa muda mambo yakawa mazuri. Kisha jioni moja baba akasema neno dogo tu, kwamba sauti zote zinatoka mahali pamoja, kama watu wote wamefungiwa kwenye debe. Hakuwa analalamika. Baba halalamiki, na hilo ndilo tatizo lake kubwa. Lakini mimi nikalichukua lile neno nikalala nalo, na asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Nitamtoa kwenye debe. Nitamfungia spika za kuzunguka chumba, mbele na nyuma, ili farasi akipita kulia amsikie kulia, na mtu akimnyemelea kutoka nyuma amsikie nyuma. Atajua yuko katikati ya kitu. Akijua hivyo, atazoea. Akizoea, mvua zije tu.

Kwa hiyo nilishuka mjini, nikarudi na boksi kubwa kwenye bajaji: sabufa moja na spika ndogo tano. Nikazipanga usiku uleule. Tatu mbele, mbili nyuma ya kochi, juu ya stuli, karibu na dirisha. Nailoni sikuivua. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nguo siku ya kwanza, kinakaa na nailoni yake mpaka ijichanie yenyewe. Baba alipapasa spika moja ikalia chakachaka, akaniuliza kama ni mfuko wa sukari.

Hapo ndipo nilipojikuta chini ya meza na vile vichwa vitatu. Cha kijani nilipokichomeka, spika mbili za mbele zikaimba. Ya katikati kimya, sabufa kimya, za nyuma kimya. Nikajaribu cheusi kwenye bluu. Kompyuta ikanitolea kijidirisha cha kuniuliza nilichochomeka ni kitu gani. Kama na yenyewe haijui, mimi nitajuaje? Nikakifunga. Nikajaribu cha chungwa kwenye bluu na cheusi kwenye waridi, nikapata mngurumo uliomfanya jirani agonge ukuta. Nikazima kila kitu nikaenda kulala na hasira zangu.

Kesho yake nikaita fundi. Alikuja na begi la mgongoni na maneno mengi, akamwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba na kumuuliza kwao ni wapi, wakatumia muda mrefu kutafuta kama ni ndugu. Kisha fundi akachuchumaa nyuma ya sabufa. Sikumwona akigusa kompyuta. Alichofanya ni kuchomoa nyaya za spika za nyuma mahali pake na kuzisokomeza palepale penye nyaya za mbele. Ya katikati akaifanyia vivyo hivyo. Akawasha muziki. Chumba kizima kikatetemeka.

"Umeona, mama? Zote zinaimba."

"Zinaimba kitu kimoja, fundi. Mimi nataka za nyuma ziimbe za nyuma."

Akaniangalia kama mtu aliyeletewa chakula na kuambiwa asile. "Spika kazi yake ni kuimba," akasema. "Hii ukifungua nusu tu, mtaa wote utajua kuna shughuli."

Ndivyo tulivyo. Kwetu spika zinapimwa kwa mtaa wa pili. Ukiwa na harusi au kipaimara, mtu wa mbali akisikia basi umefanikiwa, kama anasikia nini si hoja. Nilitaka kumweleza kwamba hapa hakuna shughuli, kuna mzee mmoja anayetaka kujua mlango uko upande gani. Nilimwambia asante, nikamsindikiza, nikarudi kuweka filamu ya baba.

Yule msimuliaji akaanza kusema kutoka kona zote kwa nguvu moja. Baba akageuka kulia, akageuka kushoto, akatazama nyuma.

"Wameongezeka," akasema. "Sasa wako watano?"

Nilicheka kwa sababu ilikuwa ama kucheka au kuirusha sabufa dirishani. Kisha nikaingia tena chini ya meza.

Jioni zilizofuata sitaki kuzikumbuka, ila nazikumbuka. Nilirudisha kila waya mahali pake. Nilisoma, nilitazama vijana wa mtandaoni wakieleza haraka haraka mambo ambayo kwao ni rahisi, na kompyuta zao zote zilikuwa na matundu mengi kuliko yangu. Nilijifunza kwamba yale matundu ya bluu na waridi, ambayo kwa kawaida ni ya kuingizia sauti, yanaweza kugeuzwa kuwa ya kutolea, ukiyaambia. Kile kijidirisha nilichokuwa nakifunga kwa hasira ndicho kilichokuwa kinasubiri kuambiwa. Nikakiambia: cheusi kwenye bluu, hizi ni spika za nyuma. Chungwa kwenye waridi, hii ni ya katikati na sabufa. Umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ilikuwa imesahau yote niliyoiambia. Nikaiambia tena. Kaka yangu wa Dar akapiga simu kunishauri kwamba mzee anahitaji utulivu. Nilimwambia aje amletee.

Hatimaye nikafika mahali penye jaribio. Kwenye kioo kuna mchoro wa chumba, na spika zimepangwa kuzunguka. Ukibonyeza, kila moja inalia kengele kwa zamu. Ikalia mbele kushoto. Ikalia katikati. Mbele kulia. Kisha, nyuma ya kochi, kwenye kona ya dirisha, spika iliyovaa nailoni ikalia kengele safi, peke yake.

Baba akageuka. Akanyoosha mkono wake wenye kovu la uji na kuielekeza pale pale.

"Pale," akasema. "Na sasa pale."

Nikarudia jaribio. Akafuata kila kengele kwa kidole, hakukosa hata moja. Nikachanganya zamu ili nimtege, hakutegeka. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nimlete. Nilikaa sakafuni nikibonyeza ile kengele kama mtoto, nikajiona nimeshinda. Kisha baba akauliza, "Sasa huyo mwenye kengele anataka nini?" Nikamwambia hataki kitu, ni jaribio tu. "Basi weka watu," akasema.

Nikaweka filamu ya kutafsiriwa, ile aliyoipenda kuliko zote. Spika za mbele zikaimba. Za nyuma zikanyamaza.

Nilifikiri nimegusa kitu. Nikarudi kwenye kengele, za nyuma zinalia. Nikarudi kwenye filamu, za nyuma kimya. Nikazima na kuwasha. Nikabadilisha kicheza filamu. Nikabadilisha filamu. Nikahamisha spika za nyuma zikawa za mbele, zikaimba, nikazirudisha nyuma, zikanyamaza, kana kwamba zimekubaliana kunifanyia kusudi. Nilipata kitufe cha kujaza spika zote, nikakibonyeza, na msimuliaji akatokea tena kona zote, kazi ileile ya fundi. Kwa siku kadhaa nilikwenda kazini na kuhesabu maboksi nikiwa nafikiria kimya cha zile spika mbili. Jirani wa uani aliniambia nimepungua.

Jibu nililipata nilipoazima kwa mfanyakazi mwenzangu filamu isiyotafsiriwa, ya kigeni kama ilivyotengenezwa. Nikaiweka kujaribu tu, baba akiwa anaoga. Mlango ukafungwa nyuma yangu, nikageuka kuangalia nani kaingia. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa ni spika ya nyuma. Nikasimama katikati ya sebule yangu na ndege wakapita juu ya kochi, kutoka dirishani mpaka kwenye kabati. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, na kilikuwa kinafanya kazi tangu siku ya kengele. Ila yule kijana mwenye maiki, anapotafsiri, huikusanya sauti yote ya filamu pamoja na yake na kuimwaga mbele. Nyuma habakizi kitu. Nilikuwa nimenunua spika za nyuma kwa ajili ya filamu zisizo na nyuma.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu, cheko baya. Baba mwenye kuhitaji msimuliaji asingeweza kupata chumba, na akipata chumba asingekuwa na msimuliaji. Ni kitu gani cha kumfanyia mtu hicho? Nani mwingine duniani hupata shida ya namna hii? Nilimchukia yule kijana, na nilichukia zaidi kwamba sikuwa na haki ya kumchukia, maana alikuwa amemfanyia baba yangu kazi ambayo spika zangu zote zilishindwa.

Jioni ile nikaamua nitatafsiri mwenyewe. Nikamweka baba katikati ya kochi, nikakaa kando yake, nikaweka ile filamu ya kuazima. Mwanajeshi mzee anarudi kwao kwa miguu. Mwanzoni inanyesha, na mvua ile ilitoka nyuma, karibu na dirisha, nyembamba, kisha ikakolea.

Baba akainua mkono ninyamaze.

"Mama," akasema, "imeanza."

Sikuelewa. Alikuwa ametabasamu, kichwa kimeelekea dirishani, na mkono wake tayari ulikuwa unatafuta fimbo yake pembeni ya kochi.

"Mvua, mama. Imeanza mapema mwaka huu. Kesho tunaweza kuondoka."

Nikamwambia si mvua, baba, ni filamu. Akasikiliza tena. Akasema mvua anaijua. Nikasimamisha filamu na mvua ikakatika ghafla, jambo ambalo mvua haifanyi. Tabasamu likamtoka polepole. Nikaiwasha tena haraka ili tusizungumze, na ndipo mtu akapiga bunduki kutoka nyuma yetu. Baba akajirusha mbele kutoka kwenye kochi. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagika kwenye nyaya, naye akabaki amepiga magoti kwenye zulia langu, mikono juu ya kichwa, akiuliza ni nani.

Nilizima. Nilimwinua. Alikuwa anaona aibu, akijipangusa suruali mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Nilitaka usikie vizuri," nikamwambia.

"Nasikia vizuri, mama. Nasikia kuliko wewe. Ila hapa kwako nasikia vitu ambavyo havipo, na vilivyopo sivijui."

"Kule uliungua ukakaa na kidonda. Kule utaanguka, na nani atakuokota?"

"Nitaanguka," akakubali. "Lakini kule nikianguka najua nimeanguka wapi. Hapa hata nikisimama sijui nimesimama wapi."

Nikainama kufuta chai. Nilikuwa nimemkasirikia kweli, yeye na masharti yake, na ziwa linalotutenganisha, na macho yake ambayo hakuyasema yalipokuwa bado yanatibika.

Sikukata tamaa, hata hivyo. Mimi ni mbishi, na ubishi huo nimeupata kwake. Jioni zote zilizofuata nilirudi kutoka kazini, nikapika, nikakaa kando yake na kusimulia. Bunduki nilikuwa naziona mapema kwenye kioo na kumshika goti kabla hazijalia. Nilikuwa msimuliaji mbaya. Nilisahau kusema nani kaingia. Nilitoa maoni yangu kabla ya matukio. Baba alinikosoa, akisema yule kijana asingeruka hapo. Lakini kidogo kidogo alianza kuuliza tena, "Hiyo nini?", na mimi nikawa najibu kwa urefu: huyo ni farasi, amepita kulia kwako, hiyo ni mashine ya kweli ya kule nje, jamaa wanachomelea geti la mtu. Akaanza kuitambua breki ya lori la kona. Akasema lile la jioni lina dereva mwoga. Moyo wangu ukaanza kupanga mambo. Nikamwambia jirani wa uani kwamba mzee anazoea. Nikaanza hata kuulizia bei ya mbuzi.

Huku mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ziwa kila mchana na kuondoka. Watu kiwandani walikuwa wanayatazama kwa hamu na kusema leo, labda leo. Mimi nilikuwa nayatazama na kuomba yaende zao, mimi binti wa mkulima.

Ilikuja jioni moja tukiwa kwenye filamu. Tulikuwa tumefika kwenye safari nyingine ya mvua, spika za nyuma zinanyesha taratibu dirishani, nami naeleza kwamba mtu anavuka mto na begi kichwani. Nikasikia tone kwenye bati. Nikaongeza sauti yangu. Yakaja mengine. Begi limelowa, nikasema, maji yamemfika kifuani, na nikajisikia nasema upesi mno. Harufu ya udongo ikaingia ndani. Jirani wa uani alikuwa anavuta ndoo zake kwenye sakafu na kuzipanga chini ya bati, na mtu mahali fulani alikuwa anacheka kwa furaha.

Baba alikuwa ametulia. Kichwa chake hakikugeuka dirishani, kilinigeukia mimi.

"Mama," akasema. "Hii ni ya kwako au ya Mungu?"

Alijua. Pua yake ilikuwa nzima, na bati lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Hakuuliza ili ajue, aliuliza ili anisikie mimi. Na ningeweza kusema ni ya kwangu, baba, ni spika tu. Angekubali. Angesema sawa, kwa sauti ileile ya siku tuliyovuka daraja, na angebaki kwangu, kwenye kochi langu, katikati ya chumba nilichomtengenezea, mpaka mwisho wake.

"Ya Mungu, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akaupata mkono wangu kwenye goti lake, akaushika, wala hakuuachia.

"Basi zima hiyo yako," akasema, "tuisikie hii."

Nikazima.